Mashine za Ofisi, Gemu za Suneka

Karibu kila kompyuta ya gemu iliyopita mikononi mwangu hapa Suneka iliwahi kuajiriwa kwingine. Iliandika barua za benki au ikapanga ratiba za shule huko Uingereza, Ujerumani au Marekani, ikastaafishwa baada ya miaka michache, ikapakiwa kwenye kontena, ikashuka Mombasa, ikauzwa kwa jumla Nairobi, kisha ikaletwa kwenye buti la basi kupitia Narok na Bomet hadi Kisii, na kumalizia safari kwa matatu. Uwanja wa ndege tunao, tena hapa hapa Suneka, lakini wanaoshukia hapo ni wakubwa. Kompyuta hupanda basi.

Kijana anayekuja kwangu na elfu ishirini mfukoni, akitaka mashine itakayobeba GTA, hudhani kwamba anachagua vipuri. Kwa kiasi fulani anachagua kweli. Lakini sehemu kubwa ya uchaguzi huo ilishafanywa zamani na watu wasiojua Suneka iko upande gani wa ramani: wahandisi walioamua soketi iwe na pini ngapi, na maofisa wa ununuzi walioagiza mashine za aina moja kwa maelfu. Sisi tuko mwisho wa foleni na tunapokea walichoacha. Ndiyo sababu ninapoulizwa kipuri kipi kinakubaliana na kipi, jibu langu huanzia mbali kidogo.

Meza ya fundi wa redio

Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Meza yake ilikuwa kwenye baraza ya duka, sokoni, tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijageuzwa KBC mwaka 1989. Wateja wake walikuwa wakulima wa ndizi, walimu, na wachuuzi waliopita wakielekea Rongo. Redio zilikuwa Philips, National na Sanyo. Transista ikiungua, hakuwa na duka la jirani la kuulizia nyingine kama hiyo. Alikuwa na debe la redio zilizokufa, na humo alitafuta transista ya kukaa mahali pa marehemu.

Nilimshikia tochi jioni nyingi, na hapo ndipo nilipoiona kanuni yake ikifanya kazi. AC128 ilikuwa transista ya jamaniamu iliyotumika sana mwishoni mwa saketi ya redio ndogo, pale panaposukuma spika. Zilipoanza kuadimika, sokoni zilijaa za silikoni. Ukizitazama kwa macho unaweza kusema zinabadilishana. Lakini ya jamaniamu huanza kufunguka kwa volti 0.2 au 0.3 hivi, ilhali ya silikoni hungoja hadi karibu 0.6 au 0.7. Zaidi ya hapo, AC128 ni PNP, na ukiweka NPN mahali pake mikondo inataka kwenda kinyume. Fundi asiyejua hayo alimrudishia mteja redio inayokoroma, au isiyosema kabisa. Baba alikagua mambo matatu, na mpangilio wake haukubadilika: kwanza volti, pili miguu imepangwaje, tatu umbo.

"Umbo ndilo huwadanganya watu," alikuwa akisema, "kwa sababu ndilo linaloonekana."

Wateja wake nao hawakuwa mbumbumbu wa umeme. Kabla ya mradi wa serikali wa kusambaza stima vijijini ulioanza mwaka 2015, ule wa Last Mile, nyumba nyingi huku kwetu zilikuwa gizani. Televisheni ya Greatwall, ile ndogo ya nyeusi na nyeupe, ilipendwa kwa sababu iliweza kutumia betri ya gari ya volti 12. Mtu aliyefunga betri kwenye baiskeli na kuipeleka sokoni kuchajiwa ili asikose mechi ya Kombe la Dunia hakuhitaji somo la kwamba chombo na chanzo chake lazima vilingane. Elimu hiyo ilikuwepo Suneka kabla ya kompyuta ya kwanza kufika. Nimeirithi, na bado naitumia kila siku.

Jinsi vipuri vya wageni vilivyopatana

Mwezi Agosti 1981 IBM walitoa kompyuta yao ya kibinafsi. Walikuwa na haraka, hivyo prosesa walinunua kwa Intel na mfumo wa kuiendesha wakachukua kwa Microsoft, kisha wakachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi. Mwaka uliofuata Compaq wakatangaza mashine yao iliyoendesha programu zile zile, baada ya kujiandikia BIOS yao wenyewe bila kunakili ya IBM. Wengine wakafuata. Kuanzia hapo kadi ya kampuni moja ikaweza kuchomekwa kwenye bodi ya kampuni nyingine na zikaelewana.

Mwaka 1995 Intel wakaleta kipimo cha ATX. Kilieleza matundu ya skrubu yawe wapi, kiunganishi cha stima kiwe na pini ngapi na kila pini ilete volti gani, na uwazi wa nyuma ya kasha uwe na ukubwa gani. Ni jambo kavu, halina mvuto wowote ukilisimulia harusini. Hata hivyo, bila kipimo hicho hakuna kijana wa huku kwetu Bonchari ambaye angeunganisha kompyuta nyumbani kwao. Kasha la zamani lililobaki kwangu bila bodi bado lina thamani kwa sababu bodi yoyote ya ATX, iliyotengenezwa miaka ishirini baadaye, itakuta matundu yake yakiingoja.

Si kila kampuni iliheshimu maelewano hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell walitumia kiunganishi chenye umbo lile lile la ATX, lakini nyaya zake zilipangwa kivyao. Kilichomeka vizuri kabisa. Aliyebadilisha pawasaplai bila kupima aliweza kuua bodi kwa kubonyeza swichi mara moja tu. Baba asingeshangaa. Umbo lilisema ndiyo wakati volti zilisema hapana.

Kloni, chumba cha kuchapa na ratiba za mazishi

Nilisoma paketi za kompyuta mjini Kisii mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha nikafungua chumba cha kuchapa hapa Suneka. Kazi ilikuwa wasifu wa watafuta ajira, barua za vikundi vya akina mama, na ratiba za mazishi, ambazo ndizo zilizolipa kodi ya nyumba. Mashine ilikuwa kloni. Hilo ndilo jina tulilozipa kompyuta zilizounganishwa kwenye maduka ya Nairobi kwa vipuri vya makampuni mbalimbali, kasha la rangi ya maziwa, bila jina la kampuni kubwa mbele. Ndani kulikuwa na Pentium 4 ya soketi 478.

Wavulana walianza kuja baada ya shule, na hawakuja kuchapa. Grand Theft Auto: Vice City ilifika kwenye kompyuta mwaka 2003, San Andreas mwaka 2005, na diski zake zilisambaa haraka kuliko gazeti. San Andreas ilidai angalau RAM ya MB 256 na kadi ya grafiki yenye MB 64. Kloni nyingi hazikuwa na kadi yoyote. Picha zilitengenezwa na bodi yenyewe, nayo ilikopa kumbukumbu kutoka RAM hiyo hiyo. Ukiwa na MB 256, bodi ikachukua sehemu yake na Windows XP ikachukua yake, gemu ilibakiziwa makombo. Gari lilikimbia kwenye barabara ambayo haijachorwa.

Dawa ilikuwa kadi ya AGP. Sloti ya AGP ilianza kuonekana kwenye bodi mwaka 1997, na kufikia wakati wetu ilikuwa na vizazi vya volti tofauti: za kwanza zilitumia volti 3.3, za baadaye 1.5 na kushuka. Waliobuni walikata pengo kwenye ukingo wa kadi na kuweka kizuizi ndani ya sloti ili kadi ya volti zisizofaa isiingie. Nilipomwonyesha baba, aliigeuza kadi ile mara kadhaa mkononi, akaweka kidole kwenye pengo, akacheka. Hatimaye kuna mtu aliyelilazimisha umbo liseme kweli.

Mwaka 2004 mambo mengi yaligeuka kwa pamoja. Intel walileta soketi ya LGA 775, RAM ya DDR2, na sloti mpya ya PCI Express iliyoitupa AGP nje. Aliyenunua kadi nzuri ya AGP akajikuta hana pa kuipeleka kompyuta yake ilipochakaa. Huku kwetu mageuzi hayo yalifika kwa kuchelewa, na kuchelewa kulitufaa: tulikuwa bado tunanunua AGP kwa bei ya kutupa wakati Ulaya walishaisahau.

Katika miaka hiyo hiyo njia za kupata vifaa zilipanuka. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilikuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni, na wanafunzi wengi waligusa kibodi kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya namna hiyo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na muuzaji wa Nairobi akawa mtu unayeweza kumlipa ukiwa umeketi Suneka. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na intaneti ikaacha kuwa ya kungojea. Kabla ya hapo, kujua kama kadi fulani inakubali bodi fulani kulihitaji kumpigia mtu simu Luthuli Avenue, Nairobi, na kumwamini. Baada ya hapo tuliweza kusoma vipimo vya kiwanda wenyewe.

Kipuri kinachokaribia kufanana

Kloni zilipungua, na nafasi yake ikachukuliwa na mashine zenye kibandiko cha "ex-UK": OptiPlex za Dell na Compaq za HP. Hapo tulijifunza ugumu wa mambo yanayokaribia kufanana.

Chukua RAM. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240. Urefu ni mmoja. Tofauti unayoweza kuiona ni pengo dogo lililokatwa chini, ambalo limehamishwa milimita chache. Tofauti usiyoiona ni kwamba moja hutaka volti 1.8 na nyingine 1.5. OptiPlex 760 hutumia DDR2 na 780 hutumia DDR3, ingawa zote zinapokea prosesa za soketi 775 na ukiziweka pamoja mezani ni kama mapacha. Nina kipande kimoja kibovu cha kila aina nimevitundika ukutani kwa uzi. Mteja akileta RAM aliyonunua mjini, naiweka juu ya kipande changu, tunainyanyua pamoja kuelekea dirishani, na mwanga ukipita kwenye mapengo yote mawili kwa pamoja, ni ya aina hiyo. Usipopita, nauli ya kurudi mjini ni yake, na hakuna haja ya kubishana.

Prosesa nazo zina mtego wao. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ina soketi 1155, hivyo inakubali i5-2400 ya kizazi cha pili, i5-3470 ya kizazi cha tatu, hata i7-3770. Anayekuja na i5-4570 akidhani namba kubwa ni mbele zaidi atakuta soketi yake ni 1150. Pini tano zimepungua na milango imefungwa.

Mwaka ambao vijana wa hapa wanaukumbuka ni 2015. Aprili mwaka huo GTA V ilitoka kwa kompyuta, na katika orodha ya vifaa vilivyopendekezwa na watengenezaji, prosesa iliyotajwa upande wa Intel ilikuwa i5-3470. Nilisoma mstari huo nikiwa nimezungukwa na mashine za ofisi zenye prosesa hiyo hiyo. Kampuni za Ulaya zilikuwa zimenunua 7010 kwa ajili ya jedwali la mishahara. Bila kujua, zilikuwa zimewanunulia vijana wa Suneka nusu ya kompyuta ya gemu. Kilichobaki ni kadi.

Kadi ndiyo iliyoleta hesabu. Pawasaplai ya 7010 ya kasha refu ni ya wati 275, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Sloti ya PCI Express yenyewe inaruhusiwa kutoa wati 75, basi. Kwa hiyo tulitafuta kadi inayoweza kuishi kwa chakula cha sloti. GTX 750 Ti, iliyotoka Februari 2014, hula wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 hula 75. GTX 1650 ya 2019 hula 75 pia. Majina hayo matatu ndiyo historia nzima ya gemu katika kijiji chetu. Prosesa ikila 77, kadi 60, diski na feni na bodi wakagawana zilizobaki, bado una nafasi ya kupumua, na stima ya tokeni haiishi kabla ya mechi.

Na kila mara namkumbusha mteja apime kasha kwanza. Mashine hizi zilikuja kwa maumbo mbalimbali, na ile nyembamba, inayolala chini ya monita, haipokei kadi ya urefu wa kawaida. Hiyo inataka kadi fupi yenye bati fupi, na kadi fupi ya 1650 hupatikana kwa shida na kwa bei inayoishinda kompyuta yenyewe.

Milango iliyofungwa

Mwaka 2013 Dell walitoa OptiPlex 9020. Ni mashine nzuri, prosesa ya kizazi cha nne, na zilianza kutufikia kwa wingi baada ya miaka kadhaa. Ukiifungua unakuta kiunganishi kikuu cha stima hakina zile pini 24 za ATX, kina 8. HP nao, kwenye EliteDesk 800 G1, wakaweka 6. Sababu yake ina mantiki: pawasaplai inatoa volti 12 peke yake, na bodi inajipunguzia yenyewe kupata volti 5 na 3.3, jambo linalookoa umeme. Kwa ofisi yenye mashine elfu moja, akiba hiyo ni pesa. Kwa mtu wa pili kuimiliki mashine, ni kufuli. Huwezi tena kuchukua pawasaplai ya duka lolote na kuifunga humo.

Soko lilijibu kwa waya wa kubadilisha, pini 24 upande mmoja na 8 upande wa pili. Ninazo. Ninazifunga pale tu nilipozipima kwa mita waya baada ya waya, kwa sababu waya wa Dell haufai kwa HP, na kifurushi hakisemi hivyo kila mara.

Hapo ndipo tunafika kwenye pawasaplai za bei rahisi, ambazo zimewauzia wengi mbuzi kwenye gunia. Mteja mmoja aliniletea moja kutoka duka fulani la jijini, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa za dhahabu. Nilimwomba ainyanyue kwa mkono mmoja na ile ya Dell ya wati 275 kwa mkono wa pili. Ya dhahabu ilikuwa nyepesi. Kisha tukageuza ubavu tusome jedwali dogo. Kwenye safu ya volti 12 paliandikwa ampea 14.

"Zidisha," nikamwambia.

Akatoa simu. "Mia moja sitini na nane, Madam."

"Basi hiyo ndiyo pawasaplai uliyonunua."

Kadi na prosesa za kisasa hulishwa kwa volti 12. Namba kubwa za mbele zinaweza kujumlisha kila kitu, pamoja na matumaini. Jedwali la ubavuni ndilo la kusomwa, na ndilo watu wasilolisoma.

Ukanda wetu una jambo jingine ambalo watengenezaji hawakulifikiria. Nyanda za juu za Kisii, zilizo mashariki ya Ziwa Victoria, ni kati ya sehemu zenye radi nyingi. Msimu wa mvua, mawingu hujikusanya baada ya saa nane mchana karibu kila siku. Radi ikipiga jirani na laini ya stima, mshtuko unaingia nyumbani kwa njia ya soketi ya ukutani. Stabiliza ndogo ya dukani husaidia stima inapopanda na kushuka, lakini haizuii radi. Ninachowaambia wateja ni kuchomoa ukutani mara tu mngurumo unaposikika, pamoja na waya wa intaneti, kwa maana kuzima swichi hakukati njia yote.

Bei zinazotoka mbali

Kuna nyakati hakuna kipimo kilichobadilika na bado kijana hakuweza kujenga. Kati ya 2017 na 2018, na tena 2021, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walinunua kadi za grafiki kote duniani, na hata 1050 Ti ya sloti ikapanda bei. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake na uchimbaji kwa kadi ukakoma upande huo. Kadi zilizotumika zikamwagika sokoni, hasa RX 580. Vijana waliziona kwa bei nzuri wakanikimbilia. Ilibidi niwaeleze kwamba RX 580 hula wati 185 na inataka waya wake maalumu wa stima; kuifunga kwenye 7010 ni lazima ununue pawasaplai nyingine, na kwenye 9020 ni pawasaplai na waya wa kubadilisha. Rahisi ikawa ghali.

Kisha shilingi ikaanguka. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kabla ya kurudi kwenye 130 hivi mwaka huo huo. Bei za Nairobi zilipanda mara moja na zikashuka kwa kusitasita.

Watengenezaji nao waliongeza mafumbo yao. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5; mwaka uliofuata ikaja nyingine ya jina hilo hilo yenye DDR4, kasi ya kumbukumbu yake ikiwa imeshuka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi chini ya 17. Kasha linakaribia kufanana, bei inakaribia kufanana. RX 6400 ya 2022 hula wati 53 tu na hupatikana ikiwa fupi, sifa ambazo mtu wa Suneka angeziombea dua. Lakini inatumia njia nne tu za PCI Express, na ilipimwa kwa kizazi cha nne cha sloti hiyo. Kwenye 7010, ambayo sloti yake ni ya kizazi cha tatu, njia hizo hupitisha nusu ya mzigo. Kwenye OptiPlex 790 ya kizazi cha pili, robo. Itawaka, itaonyesha picha, na itakwama pale gemu inapokuwa nzito. Huo ni ugumu mpya: kipuri kinakubali kila kipimo cha baba, volti, miguu na umbo, lakini kinashindwa kazi.

Wimbi linalokuja

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Ofisi za nje zinaondoa mashine za kizazi cha sita na saba, na hizo zimeshaanza kufika Kisii kwa bei ambazo miaka mitano iliyopita zilikuwa ndoto. Gemu nyingi bado zinaenda vizuri juu yake. Lakini atakayenunua akifikiri kwamba atapandisha prosesa baadaye ajue jambo moja: kizazi cha sita, cha saba na cha nane vyote hutumia soketi iitwayo LGA 1151, na bado prosesa ya kizazi cha nane haifanyi kazi kwenye bodi za sita na saba. Intel walibadili kazi ya baadhi ya pini na kuliacha jina. Na mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa duniani kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye mashine za akili unde, hivyo ile RAM ya zamani niliyoikusanya kwenye debe imeanza kuulizwa tena.

Kwa hiyo, tukirudi kwenye elfu ishirini za yule kijana, simwanzishi kwenye kadi ingawa ndiyo anayoiota. Ninamwanzisha mahali historia ilipomwachia nafasi ndogo zaidi ya kuchagua: kasha refu au jembamba, kiunganishi cha pini 24 au cha kampuni, ampea ngapi kwenye volti 12. Hayo yakijulikana, soketi inajichagua, RAM inajichagua, na kadi zinabaki mbili au tatu. Pesa inayobaki, ikibaki, iende kwenye SSD, kwa sababu kila bodi ya miaka hiyo ina SATA na hapo hakuna mtego.

Juzi mmoja alinipigia simu kutoka Nyamira. Alikuwa Nairobi wiki iliyopita na ameona kadi ya 1650, mwenye duka amemwekea hadi Jumamosi, anaomba nimwambie kama inafaa.

"Kompyuta yako ni ipi?"

"Ni Dell, Madam. Nyeusi."

"Fungua ubavu, piga picha kibandiko cha pawasaplai, nitumie. Kadi usiilipie bado."